"Wanawake na wanyamaze katika kanisa": tusome barua nzima, tusiishie mstari mmoja

#1 – Mleta uzi

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Na wale wenzangu wa Tumsifu Yesu Kristo, salamu zenu pia.

Kila mjadala wa mama kusimama mimbarini ukianza humu, haufiki mbali kabla mtu hajabandika 1 Wakorintho 14:34 na kuondoka zake. "Wanawake na wanyamaze katika kanisa, maana hawana ruhusa kunena." Hakuna maelezo, hakuna sura, hakuna kilichotangulia wala kilichofuata. Nimeona dada zetu wakiacha huduma kwa sababu ya ubandikaji wa namna hiyo, na hilo linaniuma sana.

Nijitambulishe kidogo ili tusipotezeane muda. Mimi ni mama, Mlutheri, nafundisha darasa la Biblia usharikani. Sijaja hapa kumpinga Paulo. Naamini maandiko yana mamlaka juu yangu, na kama Mtume amenikataza kufungua mdomo ibadani, nitaufunga. Ninachotaka tukitafute ni kimoja: alikataza nini hasa, na alikuwa anamwambia nani?

Anzeni na sura ya 11 ya barua hiyo hiyo. Mstari wa 5: "Bali kila mwanamke asalipo, au anapohutubu, bila kufunika kichwa, yuaaibisha kichwa chake." Tulia hapo. Paulo anatoa masharti ya mavazi kwa mwanamke anayesali na kuhutubu. Huwezi kumpangia mtu namna ya kufanya jambo ambalo umemkatazia kabisa kulifanya. Korintho walikuwepo wanawake waliokuwa wakisali kwa sauti na kunena neno la unabii, Paulo alijua, na hakuwaambia waache. Aliwaambia wafunike vichwa.

Wapo wanaosema sura ya 11 ni maombi ya nyumbani. Sikubaliani. Sura ya 14 mstari wa 4 yeye mwenyewe anasema ahutubuye hulijenga kanisa. Unabii ni karama ya mkusanyiko. Mwanamke aliyejifungia chumbani peke yake atamhutubia nani?

Sasa njooni sura ya 14 yenyewe, na nawaomba mfungue Biblia zenu, msisome kwangu tu. Sura nzima inahusu ibada iliyovurugika. Watu wananena kwa lugha wote kwa pamoja, manabii wanakatizana, mgeni akiingia ataona wana wazimu. Paulo anarudisha utaratibu, na katika kufanya hivyo anawanyamazisha watu wa makundi matatu. Mstari wa 28, mwenye kunena kwa lugha, kama hakuna wa kufasiri, na anyamaze. Mstari wa 30, nabii anayenena, mwingine aliyeketi akifunuliwa neno, yule wa kwanza na anyamaze. Mstari wa 34, wanawake na wanyamaze.

Hakuna mtu hata mmoja anayesoma mstari wa 28 akasema mwenye karama ya lugha asifungue kinywa kanisani maisha yake yote. Hakuna anayesoma wa 30 akasema nabii amefungiwa milele. Wote tunaelewa kwamba ni ukimya wa wakati fulani, kwa sababu fulani. Tukifika kwenye mstari wa wanawake, ghafla ukimya unakuwa wa siku zote na wa mahali pote. Kwa kanuni gani?

Na sababu yake imeandikwa. Mstari wa 35: "Nao wakitaka kujifunza neno lo lote, na wawaulize waume zao wenyewe nyumbani." Kumbe shida ilikuwa maswali! Wake za watu walikuwa wakiuliza uliza katikati ya ibada. Ibada zenyewe zilifanyika sebuleni kwa watu, na wanawake wengi wa mji ule hawakuwa wamepata elimu waliyoipata waume zao. Ona pia kwamba maneno hayo hayawezi kuwa sheria kwa kila mwanamke, maana sura ya 7 Paulo amewashauri wajane na wasioolewa wabaki kama yeye. Hao watamwuliza mume yupi?

Jambo moja zaidi ambalo wengi hawalijui. Katika baadhi ya nakala za kale za barua hii, mistari ya 34 na 35 haiko hapo ilipo kwetu, imewekwa mwishoni mwa sura baada ya mstari wa 40. Kuna wasomi waliofikia kusema huenda ilikuwa maandishi ya pembeni yaliyoingizwa na mnakili. Mimi siendi huko. Nakala zote tulizo nazo zinayo, basi naisoma kama neno la Mtume. Nimetaja ili mtu asije akashtushwa nayo mahali pengine.

Mwisho wa siku kanisa la kwanza lenyewe lilifanyaje? Binti wanne wa Filipo walitabiri (Matendo 21:9). Prisila na mumewe walimchukua Apolo, msomi mkubwa wa maandiko, wakamweleza njia kwa usahihi zaidi. Fibi wa Kenkrea ametajwa kuwa mhudumu wa kanisa, na wengi wanaamini ndiye aliyeibeba barua ya Warumi. Hata Wapagani waliliona hilo: gavana Plinio wa Bithinia, mnamo mwaka 112 hivi, alimwandikia Kaisari Trajano kwamba amewatesa wajakazi wawili wa Kikristo ambao wenzao waliwaita wahudumu. Akitafuta watu wa kumweleza Wakristo wanafanya nini, aliwakamata wanawake.

Karibuni, kwa upole na kwa Biblia.

#2

Naweka kambi hapa. Uzi wa maana.

#3

Shalom mama. Umeandika vizuri na kwa heshima, nami nitajibu hivyo hivyo. Mimi ni mzee wa kanisa la kipentekoste, na katika kanisa letu mama anatoa ushuhuda, anaongoza sifa, anaomba, ila hashiki uchungaji.

Kwenye sura ya 14 nakupa nusu. Nakubali kwamba si ukimya wa moja kwa moja. Wapo wanaoielewa hivi: mstari wa 29 unasema manabii wanene wawili au watatu, na wengine wapambanue. Kule kupambanua unabii, kuupima na kuutolea hukumu mbele ya kanisa, ndiko mwanamke alikokatazwa, kwa sababu ni kazi ya mamlaka. Kuhutubu ruksa, kuhukumu hapana. Hapo sura ya 11 na ya 14 hazigongani. Na usisahau kwamba kabla tu ya mstari wa 34 Paulo anataja "makanisa yote ya watakatifu". Kwa hiyo si habari ya Korintho peke yake.

Ila hoja yangu kubwa iko 1 Timotheo 2:12, ambayo mama umeiruka. "Simpi mwanamke ruhusa ya kufundisha, wala kumtawala mwanamume." Hapo hakuna fujo, hakuna lugha, hakuna maswali. Na sababu anayoitoa si utamaduni wa Efeso. Anasema "kwa maana Adamu ndiye aliyeumbwa kwanza, na Hawa baadaye". Amekwenda Edeni, kabla ya dhambi, kabla ya Wayunani na Warumi. Ukishaona Mtume anajenga juu ya uumbaji, ujue hajengi juu ya desturi.

Halafu sura ya 3, askofu awe "mume wa mke mmoja". Na Bwana Yesu, ambaye aliwaheshimu wanawake kuliko mwalimu yeyote wa wakati wake, alipochagua Thenashara, yaani wale mitume kumi na wawili, alichagua wanaume watupu. Hakuogopa desturi za watu. Angetaka angemweka Mariamu Magdalena.

Hii haimaanishi mwanamke ni duni. Mwana anamtii Baba na si duni kwa Baba.

#4 – Mleta uzi

Mzee wangu, asante. Ningepata watu kumi wa kujibu hivi humu jukwaani tungefika mbali.

Kwanza niseme kwamba usomaji wako wa kupambanua unabii nauheshimu. Sioni kama mstari wa 35 unauruhusu, maana pale sababu iliyotajwa ni kujifunza, na anayetoa hukumu hajifunzi. Lakini unakiri mwanamke alihutubu. Wakikiri wote hivyo, nusu ya ugomvi wetu imekwisha.

Timotheo sikuiruka, niliiacha makusudi kwa sababu ndipo penye uzito, na nilitaka tufike tukiwa tumeshaondoa Korintho njiani. Tuisome.

Paulo alimwacha Timotheo Efeso kwa kazi moja, imeandikwa sura ya 1 mstari wa 3: awakataze watu wasifundishe elimu nyingine. Barua nzima ni vita dhidi ya mafundisho ya uongo. Na mafundisho hayo yalikuwa yakipita kwa nani? Sura ya 5:13 wajane vijana wanazunguka nyumba kwa nyumba "wakinena maneno yasiyowapasa". Barua ya pili, 3:6-7, waongo wanajiingiza majumbani na kuwachukua mateka wanawake "wakijifunza sikuzote, ila hawawezi kabisa kuufikia ujuzi wa kweli". Mji wenyewe ni ule wa hekalu la Artemi, Matendo 19 mnaikumbuka, watu walipiga kelele muda wa saa mbili kwa ajili ya mungu wao wa kike.

Katika hali hiyo amri ya kwanza ya Paulo ni ipi? Mstari wa 11: "Mwanamke na ajifunze." Tunaukimbilia wa 12 tunausahau huu. Marabi wengi wa zama zile hawakumpa mwanamke nafasi ya kukaa darasani. Paulo anasema ajifunze, kwa utulivu, yaani kama mwanafunzi yeyote anavyokaa mbele ya mwalimu. Mariamu wa Bethania aliketi miguuni pa Bwana namna hiyo hiyo, na Bwana akasema asiondolewe.

Kuhusu Adamu na Hawa: hapa mzee umenigusa, na sitajifanya ni jambo jepesi. Ni hoja nzito kuliko zote za upande wako. Jibu langu ni mstari wa 14 unaofuata. Hawa alidanganywa. Paulo anawakumbusha Waefeso kisa cha mwanamke aliyedanganywa kwa sababu mbele yake kuna wanawake wanaodanganywa. Kama angekuwa anatoa kanuni kwamba mwanamke kwa maumbile ni wa kudanganywa, asingesema Tito 2:3 kwamba wazee wa kike wafundishe mema, wala asingeacha Prisila amfundishe Apolo. Na Apolo huyo, Matendo 18 inasema, alifundishwa wapi? Efeso! Mji huo huo.

Na kuna mfano wa karibu zaidi. 1 Wakorintho 11 Paulo anatumia uumbaji huo huo, mwanamume hakutoka katika mwanamke, ili kuwaambia wanawake wafunike vichwa. Hoja ya uumbaji, sawasawa na ya Timotheo. Makanisa mangapi leo yanamzuia mama asiingie bila mtandio? Na mistari mitatu tu kabla ya ule wa kufundisha, 1 Timotheo 2:9, amekataza kusuka nywele, dhahabu na lulu. Jumapili hii tazameni safu za mbele. Sisemi tuwatoe dada zetu misuko. Nasema tukishakubali kwamba mstari wa 9 ulikuwa na mahali pake na wakati wake, hatuna haki ya kuugeuza wa 12 kuwa jiwe bila kueleza tofauti.

"Mume wa mke mmoja": Paulo mwenyewe hakuwa na mke. Tukiuchukua kwa herufi, Mtume asingefaa kuwa askofu wa kanisa alilolianzisha.

Thenashara nakubali walikuwa wanaume. Walikuwa pia Wayahudi wote, na hatusemi mchungaji lazima awe Myahudi. Umemtaja Magdalena, basi soma Yohana 20:17. Asubuhi ya ufufuo Petro na Yohana wamefika kaburini, wameona sanda, wamerudi nyumbani. Bwana hakuwatokea hao. Alimtokea mama yule akamtuma: enenda kwa ndugu zangu, ukawaambie. Habari ya kwanza ya ufufuo ilitoka kinywani mwa mwanamke kwenda masikioni mwa mitume.

#5

Tumsifu Yesu Kristo. Niongezee upande wa Kanisa Katoliki, maana watu hutusemea vibaya pande zote mbili.

Kwetu maswali ni mawili na yametenganishwa. La upadre limefungwa: Papa Yohane Paulo wa Pili, tarehe 22 Mei 1994, alitangaza kwamba Kanisa halina mamlaka ya kuwapa wanawake daraja la upadre, na msingi wake mkubwa ni huo alioutaja mzee, Kristo kuwachagua Thenashara, si 1 Wakorintho 14. Lakini la sauti ya mwanamke katika ibada ni lingine. Januari 2021 Papa Fransisko alibadili sheria ya Kanisa ili wanawake waweze kuwekwa rasmi kuwa wasomaji na watumishi wa altare, na Mei mwaka huo huo akaanzisha huduma rasmi ya ukatekista kwa wake kwa waume. Mwaka 2016 sikukuu ya Maria Magdalena, 22 Julai, aliipandisha hadhi ilingane na ya mitume.

Huku kwetu wala haikuwa habari mpya. Ukienda jumuiya ndogo ndogo, nani anaongoza rozari, nani anafafanua Injili ya Jumapili, nani anawaandaa watoto kwa komunyo ya kwanza? Kina mama. WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania, hawajawahi kunyamaza.

#6

Msabato hapa. Sisi mwanzilishi wetu mmoja ni Ellen White, mama aliyehubiri na kuandika miaka mingi, na bado jambo hili limetusumbua. Julai 2015, kwenye mkutano mkuu wa dunia San Antonio, Texas, ilipigwa kura kama kila divisheni (kanda ya kanisa letu duniani) ijiamulie kuwawekea mikono wachungaji wa kike. Kura 1,381 zilikataa, 977 zilikubali. Wajumbe wote wale wanaamini Biblia ile ile na Sabato ile ile. Ndiyo maana sipendi mtu akisema hapa kwamba anayepingana naye hasomi neno.

#7

Mkuu wa #3, unasema uchungaji wa kike ni mambo ya Wazungu wa siku hizi? Mbona hapa kwetu una historia?

#8

Sikusema Wazungu, ndugu. Rudia kusoma.

#9 – Mleta uzi

Ni kweli mzee hakusema hivyo, tusimwekee maneno. Ila wapo wanaosema, kwa hiyo wacha nijibu.

Uamsho wa Afrika Mashariki ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, uliwaweka wanaume na wanawake katika ushirika mmoja. Mama alisimama akatubu na kushuhudia mbele ya waume, mbele ya wazee wa ukoo, mbele ya wachungaji. Kwa jamii zetu za wakati ule hilo lilikuwa jambo kubwa mno, na hawakulitoa chuo chochote cha Ulaya. Walilitoa Yoeli 2 na Matendo 2:17, wana wenu na binti zenu watatabiri. Askofu Festo Kivengere wa Kanisa la Anglikana, aliyebariki wanawake watatu kuwa makasisi Kigezi, Uganda, mwaka 1983, alikuwa mtoto wa Uamsho huo. Mwaka huo huo Askofu Henry Okullu alifanya hivyo Maseno Kusini, Kenya. Kanisa la Kipresbiteri la Afrika Mashariki lilikuwa limetangulia, Nyambura Njoroge aliwekewa mikono 1982. Sisi Walutheri wa Tanzania, yaani KKKT, tukafuata mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya mabishano marefu kati ya dayosisi na dayosisi. Na mwaka 2021 Waanglikana wa Kenya wakapata maaskofu wa kike, Emily Onyango kama askofu msaidizi Bondo na Rose Okeno wa Butere. Waanglikana wa Tanzania mpaka leo kila dayosisi ina msimamo wake.

Historia haithibitishi kwamba jambo ni sahihi, hilo nalijua. Inaonyesha tu kwamba walioamua walikuwa watu wa maombi wa hapa hapa.

#10 (mzee wa #3)

Nimekusoma mama. Hoja ya mtandio imenipa kazi, nitakwenda kuifanyia utafiti, siwezi kuijibu kwa haraka. Ila kwenye uumbaji bado nasimama. Unasema Paulo anataja Hawa kwa sababu ya udanganyifu. Mbona basi mstari wa 13 unaanza na mpangilio wa kuumbwa, kabla ya udanganyifu? Angeweza kuanza moja kwa moja na wa 14. Na Debora, ambaye najua utamleta, alikuwa mwamuzi na nabii. Hakuwa kuhani.

#11 – Mleta uzi

Ningemleta Debora kweli, umeniwahi! Hakuwa kuhani, sawa. Lakini tazama Hulda, 2 Wafalme 22. Kitabu cha torati kimeonekana hekaluni, mwaka wa 18 wa Yosia. Yeremia alikuwa ameshaanza unabii tangu mwaka wa 13 wa mfalme huyo huyo. Mfalme akamtuma kuhani Hilkia mwenyewe, na Hilkia akaenda kwa mwanamke kuuliza Bwana asemaje. Kuhani mkuu amesimama, mama anamfafanulia neno la Mungu na kutamka hukumu juu ya taifa zima. Kama mpangilio wa Adamu kwanza ungemkataza mwanamke kumfundisha mwanamume neno la Bwana, ungemkataza na Hulda, maana Adamu aliumbwa kwanza hata wakati wa Yosia.

Kuhusu mstari wa 13, hapo nakubali umeniachia mzigo. Mimi nauona kama utangulizi wa kisa, anaanza mwanzo ili afike kwenye kudanganywa. Wewe unauona kama msingi wenyewe. Mwanafunzi mwaminifu wa Biblia anaweza kufika huko ulikofika, na ndiyo maana sitamwita mtu mkandamizaji kwa sababu tu kanisa lake haliweki mikono wanawake.

#12

Dada hapa, nasoma tangu asubuhi. Kwetu nafundisha Shule ya Jumapili, naongoza maombi ya kina mama, hata mafungo ya vijana mimi ndiye ninayeandaa masomo na kaka mmoja anayasoma mbele. Juzi mgeni alichelewa, nikaombwa nisome somo la pili tu, nisihubiri, nisome. Mzee mmoja akasimama akasema mwanamke asinene. Mchungaji akanyamaza. Nimekaa kimya tangu siku hiyo, sijui nirudi vipi.

#13 – Mleta uzi

Pole sana mwanangu. Hilo halikuwa swali la uchungaji hata kidogo, na mzee wa #3 pamoja na ndugu yetu Mkatoliki, wote wenye msimamo kinyume na wangu, watakwambia hivyo.

Usiache kwenda ibadani na usimsemee yule mzee pembeni. Omba miadi na mchungaji, nenda na mama mwingine mtu mzima anayeheshimika. Mwombe mchungaji afungue 1 Wakorintho 11:5 asome kwa sauti, kisha 14:26 mpaka mwisho, halafu mwulize: kanisa letu linaelewa nini hapa, na mimi napaswa kufanya nini na karama niliyo nayo? Usiende na hoja zote za uzi huu. Hiyo miwili inatosha kwa siku moja. Akisema kanisa lina utaratibu kwamba wanawake hawahubiri, angalau utakuwa umejua mpaka uko wapi, na kusoma somo hakumo ndani yake. Na hayo masomo ya vijana unayoyaandaa, omba jina lako litajwe.

#14 (mzee wa #3)

Mwanangu, mama amekushauri vema. Kusoma maandiko mbele ya kanisa hakujakatazwa popote, na huyo mzee alikosea. Kama kanisa lenu liko Dar, mleta uzi ana namna ya kunipata kwa ujumbe wa pembeni, nitazungumza naye mzee kwa mzee.